Berenice Abbott
Berenice Abbott (Springfield, Ohio, 17 Julai 1898 - Monson, Maine, 9 Desemba 1991) alikuwa mpiga picha kutoka nchini Marekani, anayejulikana hasa kwa picha zake za majengo marefu ya New York.

Alijifunza kazi hiyo Paris, Ufaransa, akiwa msaidizi wa Man Ray. Aliporudi New York mwaka 1929 alikuta nyumba za zamani zikibomolewa kupisha maghorofa, akaamua kuyahifadhi mabadiliko hayo katika picha.

Picha yake maarufu ya usiku aliipiga kutoka Empire State Building. Kamera ilipaswa kupokea mwanga kwa dakika 15, lakini taa za ofisi zilizimwa saa 11 jioni. Hivyo alichagua siku fupi za Desemba, giza linapowahi kuingia, akapiga kupitia dirishani ili upepo usitikise kamera.

Kitabu chake Changing New York kilitolewa mwaka 1939.