Carey Francis: Mwalimu wa Maseno aliyewafunza vijana kutii kipenga

KENYA ilipoilaza Fiji 30-7 na kutwaa ubingwa wa raga ya wachezaji saba kila upande mjini Singapore mnamo Aprili 2016, kocha wake alikuwa marehemu Benjamin Ayimba, mwanafunzi wa zamani wa Shule ya Maseno. Wengi walisherehekea bila kujiuliza kwa nini mchezo huo ulichelewa sana kufika katika ukanda wa Ziwa Victoria. Shule hiyo, iliyo kwenye mstari wa ikweta kiasi cha kilomita 25 kutoka Kisumu, katika barabara ya kuelekea Busia, ilijengewa jina na Mwingereza aliyeipenda michezo kwa dhati. Raga haikuwamo katika aliyowapa vijana wake. Aliwapa kandanda, na pamoja na kandanda akawapa somo la kumtii mwamuzi.

Edward Carey Francis alizaliwa jijini London mnamo Septemba 1897 na kusomea katika Shule ya William Ellis. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta kijana mbichi, akapigana akiwa afisa wa kikosi cha mizinga na akatajwa rasmi kwa utendaji wake vitani. Vita vilipokwisha alijiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge, ambako aling'ara katika hisabati kiasi cha kuteuliwa mhadhiri katika Chuo cha Peterhouse, na huko akakabidhiwa pia usimamizi wa fedha za chuo. Aliandika kitabu cha hesabu kwa ushirikiano na J.E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati mashuhuri kabisa wa karne iliyopita. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka wa 1928.

Mwaka uo huo aliyaacha yote hayo. Alijitolea kwa Shirika la Kimisheni la Kanisa la Anglikana, CMS, akatumwa Maseno kuwa mwalimu mkuu. Wenzake wa Cambridge walistaajabu, na ni vigumu kuwalaumu. Mtu mwenye cheo, mshahara na makao ya maisha alikuwa anakwenda kuwafunza hesabu za sehemu na desimali vijana wa eneo ambalo serikali ya kikoloni ililiita Kavirondo.

Shule aliyoikuta haikuwa changa wala tulivu. Maseno ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1906. Miaka miwili tu baadaye, mwaka wa 1908, wanafunzi wake walikuwa wamegoma, wakipinga kufanyishwa kazi za mikono ilhali walikuja kujifunza kusoma na kuandika. Desemba 1921, waliosoma na kufundisha Maseno, akiwemo Jonathan Okwirri, walikuwa mstari wa mbele katika mkutano wa Lundha, Gem, ulioanzisha vuguvugu la Piny Owacho. Vuguvugu hilo lilipinga kodi, kipande na hatua ya kuigeuza nchi kuwa koloni. Kwa hivyo, watu wa Maseno walikuwa wamezoea kuuhoji uamuzi wa mkubwa muda mrefu kabla ya mwanahisabati huyu kuwasili na kipenga chake.

Kandanda nayo ilikuwa imekwisha kutangulia. Wamisheni walikuja nayo pamoja na Biblia, na kufikia mwaka wa 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage. Kando ya ziwa mchezo huo ulienea upesi kwa sababu haukudai gharama. Uwanda wa nyasi na kitu cha mviringo vilitosha, na miguu mitupu haikuwa kizuizi. Tena kanuni zake zilieleweka kwa kutazama tu. Mzee aliyepita akichunga ng'ombe aliweza kusimama dakika kumi na kuondoka akijua nani anamshinda nani, na kwa nini.

Carey Francis aliuchukua mchezo huo na kuufanya sehemu ya mafunzo. Alikuwa mtu wa nidhamu kali, asiyeoa, aliyevaa kaptura na kuishi bila anasa, na aliyeamini kwamba tabia ya kijana hujengwa uwanjani kama inavyojengwa darasani na kanisani. Itikadi hiyo aliirithi kutoka shule za Uingereza: cheza kwa nguvu zako zote, usidanganye, mshangilie mpinzani akicheza vyema, na kipenga kikilia, nyamaza. Mwamuzi akikosea, amekosea, mchezo unaendelea. Katika itikadi hiyo, kubishana naye ni aibu kubwa kuliko kushindwa.

Ikumbukwe kwamba katika mazingira ya wakati ule kanuni hiyo ilikuwa na sura mbili. Sura ya kwanza ni ile ambayo hakuna mwanamichezo anayeweza kuikataa, kwa kuwa bila mwamuzi anayesikizwa hakuna mchezo. Sura ya pili ni kwamba mwamuzi katika koloni, uwanjani na nje ya uwanja, mara nyingi alikuwa Mzungu. Kijana aliyefunzwa kunyamaza kipenga kinapolia alikuwa anafunzwa pia, apende asipende, namna ya kusimama mbele ya mkuu wa wilaya. Sidhani kwamba Carey Francis aliitenga sura moja na nyingine. Kwake, heshima kwa sheria ilikuwa kitu kimoja kisichogawanyika, nayo iliwahusu Wazungu sawasawa na Waafrika. Hapo ndipo alipotofautiana na serikali ya siku zake, kama itakavyoonekana.

Raga ilikuwa wapi wakati huo? Ilikuwa ng'ambo ya ukuta. Mechi za kwanza nchini zilichezwa miaka michache tu baada ya reli kufika Kisumu mwaka wa 1901, baina ya maafisa wa serikali na walowezi. Klabu ya Nondescripts iliundwa jijini Nairobi mwaka wa 1923. Mnamo 1928, mwaka aliowasili Carey Francis, mabaharia wa manowari ya Enterprise walitoa kombe ambalo lingali linashindaniwa hadi leo na kubeba jina la meli yao. Lakini klabu hizo zilikuwa za Wazungu, na shule zilizozilea, Prince of Wales na baadaye Duke of York, zilikuwa za watoto wa Wazungu. Mwafrika aliyeonekana kwenye uwanja wa raga alikuwa huko kukata nyasi au kubeba vinywaji.

Ubaguzi huo ulikuwa na athari ambayo haizungumzwi sana. Raga ni mchezo wenye sheria nyingi na tata. Mpira hurushwa nyuma ilhali timu inakwenda mbele. Wachezaji wanaporundikana juu ya mpira, mwamuzi huweza kuona makosa matatu kwa mpigo na kuchagua moja la kuadhibu, huku mtazamaji akiona rundo la miguu tu. Mchezo wa namna hiyo haujifunzwi kwa kupita njiani. Hujifunzwa kwa kuucheza utotoni, au kwa kukaa kando ya baba au kaka anayeufahamu. Vizazi vitatu vya Nyanza vilinyimwa fursa hiyo. Ndiyo sababu, hata baada ya milango kufunguliwa, kipenga cha raga kiliendelea kusikika masikioni mwa wengi kama uamuzi usio na sababu.

Miongoni mwa vijana waliopitia Maseno katika enzi ya Carey Francis alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, ambaye baadaye alirejea kufundisha hapo. Ramogi Achieng' Oneko naye alisomea Maseno. Wawili hao walikuja kuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa utawala ambao mwalimu huyo aliuona kuwa halali.

Mwaka wa 1940 Carey Francis alihamishwa hadi Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, akaiongoza kwa miaka 22. Kipindi hicho ndicho kilichompa umaarufu mkubwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya viongozi wa mwanzo wa Kenya huru walipita mikononi mwake, pamoja na waandishi kama Ngugi wa Thiong'o. Habari za Alliance zimesimuliwa mara nyingi, na hatuna haja ya kuzirudia. Itoshe kusema kwamba huko nako timu za shule zilifunzwa adabu ileile ya Maseno, na kwamba kufikia miaka ya 1950 zilikutana na shule za Wazungu katika michezo kama hoki. Raga ilibaki upande mmoja. Timu ya Afrika Mashariki ilipocheza na Simba wa Uingereza jijini Nairobi mwaka wa 1955, na tena mwaka wa 1962, mchezo huo ulikuwa ungali wa jamii moja.

Ilikuwa ni hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, iliyoutia imani ya Carey Francis kwenye mizani. Aliipinga Mau Mau bila kumung'unya maneno. Lakini aliposikia jinsi askari wa serikali walivyowapiga na kuwadhulumu raia, hakunyamaza. Alilalamika kwa wakuu wa serikali, jambo lililowakera walowezi waliodhani kwamba Mzungu mwenzao hana budi kufumba macho. Mtu aliyewafunza vijana kutobishana na mwamuzi sasa alikuwa anabishana naye mwenyewe.

Na kulikuwa na sababu ya kubishana. Achieng' Oneko alikuwa mmoja wa sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na kuhukumiwa kifungo Aprili 1953. Alikata rufaa, na mahakama ikamwondolea hatia. Kwa kanuni za Maseno, hapo mchezo ulikuwa umekwisha: mwamuzi amesema. Serikali haikumwachilia. Iliendelea kumzuilia kwa amri yake yenyewe, na Oneko hakuwa huru hadi mwaka wa 1961. Waliokuwa wamehimizwa tangu utotoni kukubali uamuzi hata unapowaumiza walishuhudia wenye kipenga wakiukataa uamuzi wa mahakama yao wenyewe kwa kuwa haukuwapendeza.

Carey Francis alistaafu Alliance mwaka wa 1962. Angeweza kurudi Cambridge akale pensheni yake kwa raha. Badala yake alikwenda kufundisha katika Shule ya Upili ya Pumwani, mtaa wa watu maskini jijini Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida chini ya uongozi wa mwingine. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitendo kilichoonyesha vyema zaidi kwamba somo alilowapa wengine alikuwa tayari kulifuata mwenyewe.

Aliaga dunia mwishoni mwa Julai 1966. Ulikuwa mwaka mgumu kwa wanafunzi wake wa zamani wa Maseno. Mnamo Aprili, Jaramogi alikuwa amejiuzulu wadhifa wa Makamu wa Rais na kujiunga na chama cha KPU. Mara tu wabunge wenzake walipomfuata, Bunge lilibadilisha katiba kwa haraka ili wote waliohama chama warudi kwa wapigakura. Kanuni zilibadilishwa mpira ukiwa uwanjani, na safari hii waliozibadilisha walikuwa Waafrika, baadhi yao wakiwa vijana wa Alliance. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo Jaramogi alikitetea kiti chake cha Bondo, naye Oneko akakipoteza kile cha Nakuru.

Raga iliwafikia Waafrika kwa kuchelewa, kupitia shule zile za Wazungu zilizofungua milango wakati wa uhuru. Prince of Wales ikawa Nairobi School, Duke of York ikawa Lenana, na kutoka humo wakatoka walioanzisha Mwamba na Mean Machine mwaka wa 1977. Mbegu iliyopeperuka kutoka Nairobi ilikuja kuota Maseno pia, kwenye viwanja vilevile ambako kandanda ilitawala, ikamlea Ayimba na wenzake.

Jambo la kushangaza ni kwamba mchezo uliofungiwa nje ndio leo unaofuata kwa ukaribu zaidi adabu aliyoihubiri mwalimu huyo. Katika raga, nahodha ndiye anayezungumza na mwamuzi kwa niaba ya timu. Anayelalamika huiponza timu yake, kwa kuwa adhabu husogezwa mita kumi mbele. Kandanda iliijaribu kanuni kama hiyo mwaka wa 2000, ikaitupilia mbali mwaka wa 2005. Wapenzi wa kandanda wa Kisumu hawahitaji kuelezwa matokeo yake. Wamewahi kuona mechi zikivurugika kwa sababu ya mkwaju mmoja wa penalti.

Hata hivyo, utiifu haujazi viwanja. Katika uwanja wa maonyesho wa Mamboleo, ambako mashindano ya Dala Sevens yamekuwa yakichezwa miaka ya karibuni, mshereheshaji hulazimika kueleza kwa kipaza sauti kwa nini mpira umepewa upande mwingine. Mashabiki humsikiliza, hutikisa kichwa, na wengine huanza kubishana wao kwa wao juu ya sheria ambayo hadi dakika hiyo hawakujua kuwa ipo.