Adriano Atiman, Daktari wa Karema

Katika nchi ya Ubwari, kando ya ziwa Tanganyika, kuna mahali paitwapo Kibanga. Hapo, katika mwaka wa 1883, Mapadre Weupe walijenga misioni. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa imeenea pande zote za ziwa. Watu walikamatwa huko barani, wakafungwa kamba shingoni, wakashushwa mpaka ufukoni, wakavushwa kwa mitumbwi. Wengi wao walikuwa watoto. Mapadre walikomboa watoto kadiri walivyoweza, wakawalea hapo Kibanga.

Mtu aliyenunua watumwa alimtazama mtoto kwa namna moja tu. Alitazama meno yake, mikono yake na miguu yake. Alitaka kujua kama mtoto ana nguvu za kubeba mzigo, na kama bei yake inafaa. Mtoto huyu anapenda nini? Akili yake inaelekea kazi gani? Hayo mnunuzi hakuyauliza, maana hayakumletea faida.

Hii ni habari ya mtoto mmoja aliyetazamwa hivyo na wanunuzi, na baadaye akatazamwa kwa jicho lingine. Jina lake Atiman.

1. Mtoto wa mto Niger

Atiman alizaliwa karibu na mwaka wa 1866 katika mji wa Tundurma, kando ya mto mkubwa wa Niger, upande wa Timbuktu. Leo nchi hiyo inaitwa Mali. Ni mbali sana na ziwa letu. Lakini huko nako, kama huku, kuna mitumbwi na nyavu, na watoto huoga na kucheza ukingoni mwa maji.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, alikuwa akicheza na watoto wenzake. Mara wakatokea watu wa jangwani, waitwao Watuaregi, wakamkamata. Kelele hazikumsaidia. Wakamchukua mbali na kwao, wakamvusha jangwa la Sahara. Jangwa hilo ni mchanga na mawe, siku baada ya siku, pasipo mto wala kivuli. Mchana jua linaunguza, na usiku baridi inauma. Mtoto akaenda hivyo, akizidi kuacha nyuma mama yake na baba yake. Hakuwaona tena.

Akauzwa kama chumvi na nguo ziuzwavyo. Mwisho akafika Metlili, mji wa kusini ya Aljeria, mikononi mwa bwana mgeni. Huko, katika mwaka wa 1876, Padri mmoja wa Mapadre Weupe alimwona. Akatoa fedha, akamkomboa. Atiman alikuwa na umri wa miaka kumi hivi.

2. Jicho lingine

Shirika la Mapadre Weupe lilikuwa limeanzishwa katika mwaka wa 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Alger. Siku hizo njaa kali ilikuwa imeua watu wengi katika Aljeria, na watoto wengi walikuwa yatima. Lavigerie aliwakusanya. Hakutosheka kuwapa chakula na nguo. Watoto wale walifundishwa kulima na kazi za mikono, hata wakakua, wakaoa, wakapewa vijiji vyao wenyewe.

Baadaye wakaletwa watoto waliokombolewa utumwani, naye Atiman akawa mmojawapo. Walipewa walimu, wakaanza kusoma. Mwalimu mwema humwangalia mtoto kwa subira. Huona ni nani mwenye mikono mizuri ya ufundi, ni nani ashikaye masomo kwa upesi, na ni nani mwenye moyo wa kukaa na wagonjwa pasipo kuchoka. Mambo hayo hayaonekani kwa siku moja. Huonekana polepole, kama mbegu inavyotoa jani la kwanza, kisha la pili.

Lavigerie alikuwa na wazo moja kubwa. Aliamini kwamba Waafrika wenyewe ndio watakaoigeuza Afrika. Tena aliona kwamba daktari hupokewa katika kila nyumba, hata mahali ambapo mgeni mwingine hafunguliwi mlango. Kwa hiyo katika mwaka wa 1881 alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, kilichoko katikati ya bahari, kati ya Afrika na Ulaya. Vijana wa Kiafrika waliokombolewa wangejifunza huko udaktari, wapate kurudi Afrika kuponya wagonjwa na kufundisha dini. Atiman akachaguliwa kwenda Malta. Jina lake la ubatizo likawa Adriano.

Twaweza kuuliza kama kazi ya udaktari aliitaka yeye mwenyewe. Mwanzoni wazo lilikuwa la Lavigerie. Mtoto aliyetoka utumwani angewezaje kutamani udaktari, naye hajapata kuona chumba cha kusomea udaktari? Mtu hatamani kitu asichokijua. Ndiyo sababu wakubwa wana wajibu wa kumfungulia mtoto mlango, aone kazi zilizomo duniani. Lakini kuingia katika mlango huo na kuendelea mpaka mwisho, hiyo ni kazi ya mtoto mwenyewe. Hakuna awezaye kumfanyia.

Basi Adriano aliingia. Alisoma katika vitabu vya lugha za kigeni. Alijifunza mifupa ya mwili na mishipa ya damu, namna ya kufunga jeraha, na namna ya kupasua. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine. Katika mwaka wa 1888 masomo yalimalizika. Mtoto aliyeuzwa jangwani alikuwa sasa daktari.

3. Safari ya kwenda ziwani

Mwaka uo huo Adriano alitumwa Tanganyika. Alisafiri kwa meli, kisha kwa miguu. Kutoka pwani ya bahari ya Hindi mpaka ziwani ni zaidi ya kilometa 1,000. Zamani zile hapakuwa na reli wala motokari. Wasafiri walifuata njia nyembamba ya msafara, penye homa, kiu na hatari ya vita. Njia hizo ndizo zilizopita misafara ya watumwa ikienda pwani. Zamani Adriano alivushwa jangwa kwa nguvu, akilia. Sasa alikwenda kwa hiari yake, ana dawa na vyombo vyake.

Mwezi wa Januari, mwaka wa 1889, alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa Tanganyika. Mahali hapo leo ni sehemu ya Tanzania. Palikuwa na boma lililojengwa na Wabeljiji katika mwaka wa 1879, ambalo lilikabidhiwa kwa Mapadre katika mwaka wa 1885. Adriano alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Hakujua kwamba atakaa hapo miaka 67.

4. Kazi ya kila siku

Karema ilikuwa nchi ya Wabende. Adriano hakuwa Mbende. Rangi yake ilikuwa kama yao, lakini lugha yake ilikuwa nyingine na desturi zake nyingine. Akaanza kujifunza, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akaoa huko huko, akamwoa Agnes, binti wa mtawala wa Wabende. Ndivyo alivyopata nyumba na ndugu katika nchi ya ugeni.

Kazi haikuwa nyepesi. Magonjwa ya pande za ziwa siku zile yalikuwa ndui, malaria, kuhara damu, malale na vidonda vibaya. Wengine waliumizwa na wanyama wa porini, wengine na bunduki. Wagonjwa waliletwa kwa machela na kwa mitumbwi. Wale wasioweza kuletwa, daktari aliwafuata kwa miguu vijijini mwao. Alipomaliza kutibu, alifundisha katekisimu, maana alikuwa katekista pia.

Wabende walikuwa na waganga wao wenyewe, wenye kujua mizizi, magome na majani. Adriano angeweza kuwadharau, kwa kuwa alisoma Ulaya. Hakufanya hivyo. Alichunguza dawa za miti za nchi ile, na zile zilizofaa akazitumia pamoja na dawa za kizungu. Hapo ndipo tunapotambua mtu aipendaye kazi yake kweli. Asiyeipenda hufunga kitabu siku ya mtihani wa mwisho. Aipendaye hujifunza mpaka uzeeni, hata kwa mtu asiyejua kusoma.

Hivyo kazi aliyopewa na wengine ikawa yake mwenyewe. Serikali ya Wajerumani ilikuja ikaondoka. Serikali ya Waingereza ikaja. Mapadre na maaskofu walifika, wakahamishwa au wakafa. Daktari wa Karema alibaki pale pale na wagonjwa wake.

5. Njia ya mwanawe

Adriano na Agnes walikuwa na mwana aliyeitwa Yosefu. Mtu angeweza kufikiri kwamba mwana wa daktari atakuwa daktari. Ndivyo watu wengi wanavyotumaini. Mvuvi anataka mwanawe arithi mtumbwi, naye fundi anataka mwanawe arithi nyundo. Tena kwetu baba hutazamia wajukuu, ili jina lake lisipotee.

Yosefu alishika njia nyingine. Aliingia seminari, akasoma miaka mingi, na katika mwaka wa 1923 alipewa daraja ya upadri. Hakurithi dawa wala visu vya baba yake, wala hakuoa. Ilikuwa sadaka ya mwana, na ilikuwa sadaka ya wazazi pia. Adriano mwenyewe alikuwa amefunguliwa mlango ambao wazazi wake hawakuujua. Mwanawe naye alipita mlango wake. Hivyo nyumba moja ya Karema ilitoa daktari wa miili na padri wa roho.

6. Mwisho wake

Alipokuwa mzee Adriano aliandika habari za maisha yake, ili watu wajue alikotoka. Wakubwa wa Kanisa na wa serikali walimheshimu kwa nishani. Lakini wagonjwa hawakuja kutazama nishani. Walikuja kwa sababu wazazi wao walitibiwa na mzee yule, na wazazi wa wazazi wao pia.

Alikufa Karema katika mwaka wa 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, akazikwa katika nchi aliyoitumikia.

7. Mafundisho

Katika Ubwari leo hakuna mnunuzi wa watumwa anayetazama meno ya watoto. Hata hivyo kila mtu mkubwa ajiulize anamtazama mtoto wake kwa jicho gani. Yuko mtoto atengenezaye motokari kwa bua na vifuniko vya chupa. Yuko msichana ambaye kila kuku aliyevunjika mguu huletwa kwake. Mwingine anajua majina ya samaki wote wa ziwa, na mwingine akisikia wimbo mara moja hausahau. Mara nyingi tunawaambia waache michezo, wakateke maji. Kuteka maji ni lazima, na mtoto mtiifu huteka. Lakini mzazi na mwalimu waangalie pia mchezo ule, maana huenda ndani yake mna mbegu ambayo Mungu aliipanda.

Nawe mtoto, usingoje kukuta karama yako njiani kama mtu aokotavyo embe. Jaribu kazi nyingi. Ile uipendayo, ifanye vizuri hata inapochosha. Mwambie mwalimu au mzazi unalolitaka, ili apate kukusaidia. Na siku utakapokuwa mkubwa, kumbuka kumfungulia mwingine.

Maswali

1. Atiman alizaliwa wapi, na alipotezwaje kwa wazazi wake?
2. Mnunuzi wa watumwa alimtazama mtoto namna gani? Mwalimu mwema humtazama namna gani?
3. Kwa nini Lavigerie alitaka Waafrika wajifunze udaktari?
4. Adriano alijifunza nini kwa waganga wa Wabende?
5. Yosefu alichagua njia gani? Je, ilikuwa njia ya baba yake?
6. Wewe unapenda kazi gani kuliko nyingine? Umekwisha kumwambia nani?