Mchungaji Dkt. Richard Reusch na Ukingo wa Kibo

Katika ramani ya Kibo, ndani ya kreta kubwa ya kilele, limeandikwa jina la mchungaji wa Kilutheri. Wapandaji wengi wa siku hizi hupita ukingoni, hupiga picha penye ubao wa Uhuru, kisha hushuka bila kujua kwamba Reusch ni jina la mtu, wala kwamba mtu huyo alipanda mlima ule akiwa mtumishi wa Neno na mwalimu wa walimu. Kwa kuwa habari zake zimetawanyika katika vitabu vya lugha za kigeni, yafaa Wakristo wanaoishi chini ya mlima wazisome kwa lugha yao wenyewe.

Richard Reusch alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Samara, nchini Urusi, miongoni mwa Wajerumani ambao mababu zao walikuwa wamehamia kando ya mto Volga. Alisoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu na umo katika nchi ya Estonia. Kisha vikaja vita vya mwaka 1914, na baada yake mapinduzi ya mwaka 1917. Kijana huyu wa theolojia alijikuta afisa wa jeshi pamoja na Wakozaki, akapigana upande ulioshindwa. Nchi aliyozaliwa ikamfungia mlango. Jambo hili halina budi kukumbukwa na kila amsomaye Reusch: aliyekuja kwetu hakuwa mtalii aliyetoka nyumbani kwa raha, bali mtu asiyekuwa na kwao pa kurudi.

Alifika Tanganyika mwaka 1923, kwa kazi ya Misioni ya Leipzig. Wakati huo ulikuwa mgumu. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wameanza kazi Machame mwaka 1893, lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wajerumani nchini mwaka 1920. Sinodi ya Augustana ya Marekani ilikuja kusaidia, ila watenda kazi wake walikuwa wachache mno kwa eneo kubwa namna ile. Si haki kusema kwamba Kanisa lililala katika miaka hiyo. Walimu na wazee wenyeji ndio walioongoza ibada, wakafundisha watoto na kuzika wafu. Lakini palikuwa na pengo katika elimu ya walimu. Wajerumani walikuwa bado wamezuiwa kurudi, na Reusch, kwa kuwa alizaliwa raia wa Urusi, aliweza kupita mlango uliofungwa kwa wenzake. Akawafundisha vijana huko Marangu, na alikuwa hodari sana wa lugha. Alijifunza Kiswahili na Kimasai, akasoma Kiarabu, na mwaka 1931 kitabu chake cha Kijerumani juu ya Uislamu katika Afrika ya Mashariki kilichapishwa Leipzig.

Aishiye Marangu huuona mlima kila kunapopambazuka. Kwa Wachaga, Kibo haikuwa mwamba mtupu. Upande wa Kibo ulikuwa upande wa heshima, nao wazee walisimulia jinsi Mawenzi alivyomwendea nduguye Kibo kuomba moto mara kwa mara mpaka Kibo akakasirika, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo sababu Mawenzi ana meno meno hata leo. Mmisionari Rebmann, aliyeiona theluji kwa macho yake tarehe 11 Mei 1848, aliandika pia habari za watu waliotumwa na mangi kuleta kile kitu cheupe kilichodhaniwa kuwa fedha, wakarudi wamejeruhiwa na baridi. Huko Ulaya wataalamu walimcheka Rebmann kwa kusema theluji ipo karibu na ikweta. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller ndio waliofika kilele cha juu kabisa, tarehe 6 Oktoba 1889, na hata walipokuja Reusch na wenzake, waliokuwa wamefuata nyayo zao mpaka mwisho bado walihesabika kwa vidole.

Msomaji ambaye hajapanda adhani kwamba kilele cha Kibo ni ncha moja kama ya mnara. Sivyo. Juu ya Kibo pana shimo kubwa la volkano lenye upana wa zaidi ya kilomita mbili, na ukingo wake ni mgongo wa mwamba na changarawe, wenye vilele vingi vinavyofuatana, kimoja kikimficha kingine. Njia ya Marangu hupita msitu mnene, ikatoka kwenye majani na vichaka, ikafika uwanda wa jangwa baridi kati ya Mawenzi na Kibo. Kutoka hapo mteremko husimama. Wapandaji huondoka usiku wa manane, kwa sababu changarawe ikigandishwa na baridi hushika mguu, bali jua likichomoza hulegea, na mtu hupanda hatua mbili akarudi moja. Juu kabisa ya mteremko huo ipo miamba ambayo sharti mtu atumie mikono pamoja na miguu. Akiivuka, amefika ukingoni mahali paitwapo Gillman, kwenye mita 5,685, palipopewa jina la mhandisi wa reli Clement Gillman aliyefika huko mwaka 1921.

Hapo ndipo wengi hugeuka, na wala hawana aibu. Kilele cha juu bado ki mbali, mwendo wa saa moja na nusu au mbili kwa mtu mwenye nguvu, na kimo kilichobaki ni mita 210 tu. Lakini mita hizo ni nzito kuliko elfu zilizotangulia. Katika kimo kile hewa ya kuvuta ni karibu nusu ya ile ya pwani. Kichwa huuma, tumbo hukataa chakula, na fikira za mtu huwa kama za mlevi. Njia hufuata ukingo, hupanda kilele kidogo, hushuka kwenye pengo, hupanda tena. Kushoto ni mteremko wa nje, kulia ni kreta. Nyakati za Reusch sehemu kubwa ya njia hiyo ilifunikwa na theluji na barafu, na ukungu ulipotanda mpandaji hakuweza kutambua kilele kipi ndicho cha mwisho. Zaidi ya mmoja waliamini wamefika, kumbe walikuwa wamesimama juu ya kilele cha katikati.

Reusch aliujua ukingo ule kama mtu ajuavyo shamba lake. Alipanda mlima zaidi ya mara 40, idadi ambayo kwa siku zile, bila nguo za kitaalamu na bila gari la kumshusha mgonjwa, ni ya kustaajabisha. Mwaka 1926, karibu na ukingo, alimkuta chui aliyekufa na kukauka kwa baridi. Chui alikwenda kutafuta nini mahali pasipo na jani wala mnyama wa kula? Reusch alimkata kipande cha sikio kiwe ushahidi. Yamkini alikumbuka jinsi Rebmann alivyochekwa. Mwaka huohuo chui alipigwa picha pia na mpandaji mwingine, na mahali pale pakaitwa Kilele cha Chui. Baada ya miaka michache mzoga ulitoweka, lakini habari zake zilikuwa zimekwisha kuenea duniani. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway aliuweka mwanzoni mwa hadithi yake mashuhuri ya mwaka 1936 kuhusu theluji za Kilimanjaro. Wasomaji wengi wa hadithi ile hawajui kwamba aliyemgundua chui alikuwa mchungaji.

Mwaka 1927 hakuridhika na ukingo. Aliingia ndani ya kreta, akaendelea mpaka akasimama juu ya shimo la pili lililojificha katikati, ambalo hakuna aliyekuwa amesimulia kuliona kabla yake. Chini yake limo shimo jingine la majivu, lililo karibu mviringo kamili. Shimo lile la ndani likapewa jina lake. Na kati ya kilele cha Stella na kilele cha juu kabisa, nukta moja ya ukingo ikaitwa Elveda, kwa jina la mkewe.

Hapa pana jambo la kusemwa waziwazi. Ukiyasoma majina ya ukingo wa Kibo, Gillman, Stella, Hans Meyer, Elveda, utadhani hakuna Mchaga aliyewahi kukanyaga pale. Lakini hakuna Mzungu hata mmoja aliyepanda bila mikono ya wenyeji. Wapagazi walibeba kuni, blanketi, vyakula na maji. Waongozaji walijua pango lipi lina hifadhi na wingu lipi linaleta dhoruba. Wengi walikuwa pekupeku au wamevaa viatu visivyofaa. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa mwongozaji wa siku za Meyer na aliyefariki mwaka 1996, alisubiri mpaka uzee wake mkubwa ndipo ulimwengu ukatambua mchango wake. Wenzake wengi hawakutambuliwa kamwe. Heshima ya Reusch haipungui kwa kusema hivi. Bali sifa ya mlima ni ya wengi, na ramani imeandika wachache.

Yuko pia awezaye kuuliza kama mchungaji alipaswa kutumia nguvu nyingi hivyo kwa mawe na barafu, ilhali watenda kazi walikuwa haba. Swali hili si la dharau. Lakini kazi yake ya kalamu na ya darasa yajibu kwa sehemu kubwa. Alifuatilia historia ya pwani na ya bara kwa bidii ileile aliyofuatilia ukingo wa Kibo. Mwaka 1953 aliandika juu ya asili ya Waswahili na lugha yao katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1954 kitabu chake cha historia ya Afrika ya Mashariki kilichapishwa Stuttgart. Baadhi ya maoni yake yamepitwa na utafiti wa baadaye, hasa pale alipotafuta asili ya mambo ya Kiafrika mbali mno na Afrika, lakini aliandika wakati ambapo wengi waliona nchi hii haina historia ya kuandikwa.

Baada ya kutumika Tanganyika kwa vipindi hadi mwaka 1954, alihamia Marekani akafundisha katika Chuo cha Gustavus Adolphus, chuo cha Kilutheri huko St. Peter, Minnesota. Alikuwa huko usiku wa tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera ya Tanganyika juu ya kilele ambacho tangu hapo huitwa Uhuru. Alikuwa huko pia mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT chini ya Mkuu wake wa kwanza, Stefano Moshi, mwana wa mteremko uleule. Reusch alifariki dunia Marekani mwaka 1975.

Kibo aliyoijua imebadilika. Kati ya mwaka 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya barafu ya kilele iliyeyuka na kutoweka, na sehemu kubwa ya ukingo ambao yeye aliupita juu ya theluji leo ni changarawe tupu. Shimo la majivu lingali pale. Kila alfajiri vijana wa Marangu na Machame, wengi wao watoto wa sharika zetu, hupita penye nukta ya Elveda wakiwa wamewashika wageni mikono, wakiwahesabia hatua zilizosalia.