Yuda Makabayo: mpiganaji wa msituni aliyeianzisha Hanuka (na mafuta hayakuwepo)

Wale wa soka mtakumbuka Oktoba 2002 Manchester United ilipochapwa 3-0 na Maccabi Haifa ya Israeli kwenye Ligi ya Mabingwa, mechi ikapigwa Nicosia kule Cyprus. Timu kibao za Israeli zinaitwa Maccabi. Sasa jina hilo lina mwenyewe. Ni Yuda, aliyepewa lakabu ya Makabayo, ambayo wengi wanaitafsiri kuwa nyundo. Alikufa vitani mwaka 160 KK, na yeye ndiye chanzo cha Hanuka, ile sikukuu ya Wayahudi ya kuwasha taa siku nane, ambayo sinema za Marekani zinaionyesha kama vile ni Krismasi yao.

Ukiuliza kwa nini siku nane, utaambiwa kwamba hekaluni palikutwa mafuta ya siku moja tu, nayo yakawaka siku nane. Hadithi tamu, hata mimi naipenda. Tatizo ni kwamba walioandika habari za Yuda karibu na wakati wake hawaitaji kabisa. Ndiyo maana leo nataka tumwangalie jamaa mwenyewe, kihistoria, bila mahubiri.

Habari zake zinapatikana kwenye vitabu viwili vya Wamakabayo. Wenye Biblia ya Kikatoliki mnavyo. Wenye Union Version ya kawaida hamtavikuta. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba hata Wayahudi wenyewe havimo kwenye Maandiko yao. Yaani vitabu vinavyoeleza chanzo cha sikukuu yao vimetunzwa na Wakristo, tena kwa Kigiriki, lugha ya maadui wa Yuda! Kwenye Agano Jipya sikukuu yenyewe imetajwa mara moja tu, Yohana 10:22, na Union Version inaiita Sikukuu ya Kutabaruku.

Turudi nyuma kidogo. Alexander Mkuu alipofariki mwaka 323 KK majenerali wake waligawana dunia. Yudea ilikaa kwanza chini ya wafalme wa Misri, halafu karibu mwaka 200 KK ikachukuliwa na Waseleuko waliotawala Siria. Hawa walipigwa vibaya na Warumi na kubebeshwa deni kubwa la fidia ya vita. Mfalme mwenye deni anatafuta hela popote, na kwa watu wa zamani hela zilikaa kwenye mahekalu.

Mwaka 175 KK akaingia Antioko wa Nne, aliyejiita Epifane. Pale Yerusalemu kuhani mkuu alikuwa Onia. Mdogo wake Onia, anayeitwa Yasoni, akamwendea mfalme na ofa: nipe mimi cheo cha kaka yangu, nitakulipa talanta 440 za fedha. Akaongeza 150 nyingine apewe kibali cha kujenga uwanja wa mazoezi wa Kigiriki pale pale Yerusalemu. Akapewa. Miaka mitatu baadaye akamtuma Menelao kupeleka fedha kwa mfalme, na Menelao huyo akaongeza dau la talanta 300 juu ya Yasoni, akarudi na cheo yeye. Ulaji tupu! Na angalieni majina: Yasoni na Menelao ni majina ya Kigiriki, lakini wote ni Wayahudi, tena viongozi wa dini.

Uwanja ule ndio uliowakera watu wa kijijini. Vijana walifanya mazoezi uchi kama Wagiriki, na kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinasema wengine walijaribu kuificha tohara yao. Hapo mnaona kichekesho cha historia. Ukoo wa Yuda ulipata jina kwa kuwapinga watu wa uwanja wa michezo, halafu leo jina lao ndilo jina la klabu za mpira, na tangu mwaka 1932 kuna michezo mikubwa ya Wayahudi wa dunia nzima inayoitwa Maccabiah.

Mwaka 168 KK Antioko alikuwa Misri akipigana, na uvumi ukaenea kwamba amekufa. Yasoni, aliyekuwa amekimbia, akarudi na watu kama elfu moja, akaivamia Yerusalemu na kuwaua ndugu zake Wayahudi ili arudishiwe kiti. Mfalme aliposikia akaona ni uasi. Akaupiga mji, akalipora hekalu, na Menelao akiwa ndiye mwenyeji wake. Kwa hiyo kabla Yuda hajashika upanga, Wayahudi walikuwa wanachinjana wenyewe kwa wenyewe. Mwanahistoria Elias Bickerman, Myahudi vilevile, alitoa kitabu mwaka 1937 akidai kwamba hata yale mateso ya dini yaliyofuata yalichochewa na kundi la akina Menelao. Wengine hawakukubaliana naye, lakini tangu hapo ni vigumu kuisimulia Hanuka kama vita ya Wagiriki na Wayahudi basi.

Mateso yenyewe yalikuwa kweli, tusidanganyane. Mwaka 167 KK ilitoka amri ya kupiga marufuku tohara, Sabato na dhabihu za Kiyahudi. Kina mama waliowatahiri watoto wao waliuawa. Juu ya madhabahu ya hekalu ikawekwa madhabahu ya Wagiriki.

Maofisa wa mfalme wakafika kijiji cha Modeini kuwataka watu watoe sadaka ya kipagani. Kuhani mzee anayeitwa Matathia akakataa. Myahudi mmoja akasogea mbele kutekeleza amri. Matathia akamrukia na kumuua pale pale madhabahuni, kisha akamuua na ofisa wa mfalme. Angalieni mpangilio huo: damu ya kwanza ilikuwa ya Myahudi. Mzee na wanawe watano, Yohana, Simoni, Yuda, Eleazari na Yonathani, wakakimbilia milimani. Huko wakaamua kwamba wakishambuliwa siku ya Sabato watapigana, kwa sababu wenzao walikuwa wamekataa na kuuawa mapangoni kama elfu moja hivi. Pia walizunguka vijijini wakibomoa madhabahu na kuwatahiri kwa nguvu watoto ambao wazazi wao hawakuwatahiri. Kwa nguvu! Hilo limo kitabuni kama sifa, siyo kama lawama.

Matathia alifariki mwaka 166 KK na uongozi wa jeshi ukawa wa Yuda. Kwa vita, jamaa alikuwa noma. Alimuua kamanda Apolonio akauchukua upanga wake, na inasemekana alipigana nao mpaka mwisho wa maisha yake. Aliwavizia Waseleuko kwenye njia nyembamba za Beth-horoni. Pale Emau, adui alipotuma kikosi usiku kwenda kumsaka milimani, Yuda naye alikuwa ameshatoka, akaipiga kambi iliyobaki. Wanaosomea vita vya msituni wangemwelewa vizuri.

Mwishoni mwa mwaka 164 KK aliingia Yerusalemu na kulichukua hekalu. Hakuuchukua mji wote: ngome ya Akra ilibaki mikononi mwa askari wa mfalme, na ilitolewa mwaka 141 KK tu, Yuda akiwa marehemu. Kwa hiyo wakati wa sherehe ile ya kwanza ilibidi wengine walinde huku wengine wakisafisha. Mawe ya madhabahu iliyonajisiwa waliyaweka pembeni mpaka atokee nabii wa kusema yafanywe nini. Wakajenga madhabahu mpya, wakawasha taa za kinara, na tarehe 25 ya mwezi wa Kisleu wakaanza kusherehekea. Siku nane. Kwa nini nane? Kitabu cha pili kinaeleza wazi: walipokuwa wanaishi milimani kama wanyama waliikosa Sikukuu ya Vibanda, basi wakaifidia. Mafuta hayapo. Kisha Yuda, ndugu zake na mkutano wote wakaamuru kwamba siku hizo zikumbukwe kila mwaka. Ni amri ya washindi, kama tunavyowekewa sikukuu za taifa.

Hadithi ya mafuta inajitokeza kwenye Talmudi ya Babeli, karne nyingi baadaye. Hata Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 BK, anasema sikukuu inaitwa Taa lakini hana mafuta ya muujiza.

Baada ya hapo Yuda hakutulia. Alipeleka jeshi kuwaokoa Wayahudi waliokuwa wakionewa ng'ambo ya Yordani. Akirudi nao, mji wa Efroni ulimfungia njia. Akauteka, akawaua wanaume wote, akapita juu ya maiti. Mwaka 162 KK ndugu yake Eleazari akafa akiwa chini ya tembo wa vita aliyemchoma mkuki kutoka tumboni. Mwaka huo mfalme mpya aliwarudishia Wayahudi uhuru wa dini, na Menelao akauawa. Wengine wangeishia hapo. Yuda aliendelea, sasa akitaka utawala, hata akatuma wajumbe Roma kutafuta urafiki.

Mwandishi Christopher Hitchens aliishambulia sana Hanuka Desemba 2007, akiiona kama sherehe ya wakereketwa wa dini kuushinda ustaarabu wa Kigiriki. Mimi nakubaliana naye nusu. Ukali wa akina Matathia upo, nimeshauonyesha. Lakini ustaarabu gani huo wa kununua ukuhani kwa talanta na kuwaua kina mama? Antioko hakuleta falsafa pale, alileta askari.

Mwaka 160 KK jenerali Bakide alikuja na askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 2,000. Yuda alikuwa na 3,000. Walipoona jeshi lile wengi walitoroka, wakabaki 800. Wakamshauri aondoke, akakataa. Aliuawa hapo Elasa, na ndugu zake wakamzika Modeini.

Ndugu zake ndio waliokula matunda. Yonathani alipata ukuhani mkuu mwaka 152 KK, akiupokea kutoka kwa mfalme wa Kigiriki! Simoni akapata uhuru wa nchi. Yohane Hirkano, mwanawe Simoni, aliwalazimisha Waedomu watahiriwe. Aleksanda Yaneo, mjukuu wa Simoni, kwa maelezo ya Josephus, aliwasulubisha Wayahudi wenzake 800. Hirkano, Aristobulo, Aleksanda: majina ya Kigiriki yalikuwa yamerudi mezani. Mwaka 63 KK ndugu wawili wa ukoo huo wakigombania kiti, Pompey wa Roma akaingia, uhuru ukaisha. Nadhani marabi walikuwa na sababu ya kupendelea kusimulia mafuta kuliko ukoo ule.

Na kuna kitu kingine. Yuda hakuanzisha sikukuu moja, alianzisha mbili. Mwaka 161 KK alimuua jenerali Nikanori, akamkata kichwa na mkono, vikatundikwa karibu na Yerusalemu, na ikaamriwa kwamba tarehe 13 ya mwezi wa Adari iwe sherehe kila mwaka. Hiyo haikupata mafuta wala taa. Siku hizi tarehe hiyo ni mfungo wa Esta, siku moja kabla ya Purimu, na Nikanori hakumbukwi tena.

Kwa wenye Biblia ya Kikatoliki, fungueni 1 Wamakabayo sura ya 4 na 2 Wamakabayo sura ya 10 muyatafute hayo mafuta wenyewe.