Bwana Leakey na Meno ya Olduvai

Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kiingereza. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akaijua lugha yao kama wao wenyewe, hata akaingizwa katika rika lao. Baadaye alisoma Cambridge, na mwaka 1931 akafika mara ya kwanza katika korongo la Olduvai, katika nchi ya Wamasai, kutafuta mifupa ya watu wa kale.

Kazi hiyo hutegemea sana meno. Mnyama akifa, fisi huitafuna mifupa yake, na mvua huiozesha; lakini jino ni gumu kuliko mfupa, nalo likifunikwa na udongo huweza kugeuka jiwe na kudumu. Tena jino hueleza habari za mwenyewe. Tazama taya la mbuzi kwa mchinjaji wa Kihesa: magego yake ni ya kusaga majani. Ya mbwa hukata nyama kama kisu. Panya naye meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, ndiyo maana haachi kuguguna, hata vitabu vyetu.

Bwana Leakey na mkewe Mary walirudi Olduvai mara nyingi. Zana za mawe walizipata tele, lakini aliyezichonga hawakumwona. Mwaka 1955 walipata meno mawili tu ya mtoto.

Hata tarehe 17 Julai 1959, Bwana Leakey akiwa kitandani kwa homa, Bibi Mary alitoka na mbwa wake. Akaona mfupa umechomoza mtelemkoni, na ndani yake magego mawili makubwa. Akarudi mbio kumwita mumewe, naye akasahau homa. Lakini alipoyaona yale meno alisikitika. Alitamani binadamu wa namna yetu, na magego yale yalikuwa mapana mno, hali meno ya mbele yalikuwa madogo.

Wakachekecha udongo, wakaunganisha vipande vingi vya fuvu. Magego ya mwisho yalikuwa yameota lakini hayajalika, basi wakajua kwamba alikufa angali kijana. Bwana Leakey akamwita Zinjanthropus boisei, akatangaza kwamba ndiye aliyezichonga zana zile. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani walipima majivu ya volkeno yaliyokuwa mahali pale, wakasema umri wake ni miaka 1,750,000. Sifa za Bwana Leakey zikaenea duniani.

Lakini tangu mwaka 1960, karibu na mahali palepale, yalipatikana mabaki ya mwingine, mwenye meno madogo na membamba zaidi. Taya lake liliokotwa na Jonathan, mwana wa Bwana Leakey. Bwana Leakey akayapima, akayalinganisha, na mwaka 1964 yeye na wenzake wawili wakampa huyo jina la Homo habilis. Cheo cha mchonga mawe akamvua Zinjanthropus aliyempa sifa, akampa huyu wa pili. Wataalamu wengi walimpinga, naye hakurudi nyuma.

Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Fuvu la Zinjanthropus lilikabidhiwa Tanzania mwaka 1965, likawekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.