Rubani Mateka wa Kilimambogo

Msafiri atokaye Ruiru kuelekea Thika, endapo mvua ilinyesha usiku na anga ikatakata, huuona mlima wa Kilimambogo upande wake wa kulia, umesimama peke yake tambarareni. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, na hilo ndilo jina lililoingia katika ramani. Wengi wetu tunajua kwamba McMillan, yule Mmarekani tajiri aliyefariki mwaka 1925, amezikwa katika mteremko wake. Ni wachache mno wanaojua kuwa karibu na mlima huo aliwekwa mateka mtu ambaye, mwaka mmoja tu kabla, majeshi yote ya Italia katika Afrika Mashariki, ya nchi kavu na ya angani, yalikuwa yakimtii yeye.

Mtu huyo ni Amedeo wa Savoia, Duke wa Aosta. Nakiri mapema kwamba ninapomwandika nina sababu ya kinyumbani. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, na mwaka 1940 alikuwa kaskazini, upande wa Wajir, akilala kifudifudi chini ya migunga kila aliposikia mngurumo angani. Hadi uzeeni mwake hapa Ruiru, ndege ikipita chini chini alikuwa akiacha alilokuwa akilifanya na kutazama juu.

Amedeo alizaliwa Turin tarehe 21 Oktoba 1898, katika ukoo wa kifalme. Ami yake, Duke wa Abruzzi, ndiye aliyevipanda vilele vya Ruwenzori mwaka 1906. Kijana huyo alikuwa mrefu wa karibu mita mbili, alisoma kwa muda Uingereza, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alijitosa vitani angali mvulana. Baadaye alifanya jambo lisilo la kawaida kwa watu wa nasaba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Kongo na kufanya kazi katika kiwanda cha sabuni huko Stanleyville, mji tuuitao leo Kisangani, pasipo kujitambulisha kwa jina lake la kifalme. Sijui ni wangapi kati ya watawala waliotutawala waliowahi kupokea mshahara wa kiwandani katika bara hili.

Hata hivyo, mapenzi yake makubwa yalikuwa urubani. Alijifunza kuendesha ndege, akaruka juu ya jangwa la Libya katika vita vya kikoloni, na katika miaka ya 1930 akahamia kabisa katika Jeshi la Anga. Huko Gorizia alikiongoza kikosi cha nne cha ndege za kivita, ambacho nembo yake ilikuwa farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Farasi huyo alikuwa wa Francesco Baracca, bingwa wa Italia wa mapambano ya angani, aliyeangusha ndege 34 kabla ya kuuawa mwezi Juni 1918. Vijana wetu wanaoshabikia mashindano ya magari wanamfahamu farasi yuyo huyo kwa sababu ya Ferrari, ingawa alianza safari yake ubavuni mwa ndege ya vita.

Mwishoni mwa mwaka 1937 Amedeo aliteuliwa kuwa Makamu wa Mfalme huko Ethiopia, mahali pa Graziani, ambaye mikono yake ilikuwa imelowa damu ya watu wa Addis Ababa. Waandishi wa Ulaya humsifu Amedeo kwa upole, na kweli hakuwa Graziani. Lakini mpenzi msomaji, sifa hiyo ina mpaka. Mwezi Aprili 1939, yeye akiwa kitini, majeshi ya Italia yalitumia gesi ya sumu dhidi ya watu waliojificha katika pango la Zeret, na mamia wakafa, wapiganaji pamoja na jamaa zao. Anayeusimulia wasifu wa mtu huyu na kuliruka pango hilo amesimulia nusu.

Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, Duke alikuwa na ndege zaidi ya 300, ila nyingi zilikuwa za zamani. Suez ilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo mafuta na vipuri havikufika kwa bahari. Ndege mpya za Fiat CR.42 zilifunguliwa vipande vipande na kubebwa ndani ya ndege kubwa za mizigo kutoka Libya. CR.42 ilikuwa na mabawa mawili yaliyopandana, na rubani alikaa wazi, upepo ukimpiga usoni. Ilikuwa nyepesi kugeuka, na Mario Visintini aliangusha nayo ndege zipatazo 16 kabla ya kugonga mlima huko Eritrea mwezi Februari 1941, akiwatafuta wenzake waliopotezwa na hali mbaya ya hewa. Lakini Hurricane ya Waingereza ilikuwa na bawa moja, bunduki nane, na mwendo uliopita kilomita 500 kwa saa.

Mwanzoni Waitalia ndio waliotamba. Moyale iliangukia mikononi mwao mwezi Julai, na Malindi ikaangushiwa mabomu mwezi Oktoba. Kisha upepo ukageuka. Marubani wa Afrika Kusini walianzia vita vyao hapa Kenya, na miongoni mwao alikuwamo John Frost. Tarehe 15 Machi 1941 ndege yake iliharibiwa kwa mizinga karibu na Diredawa, akalazimika kutua penye adui. Mwenzake, Bob Kershaw, alitua kumfuata, na wawili hao wakaruka wakiwa wamepakatana katika kiti cha mtu mmoja. Frost alipotea katika vita vya kaskazini mwa Afrika mwaka 1942 na hajaonekana hata leo.

Huku chini, waliokuwa wakitembea kwa miguu walikuwa Waafrika: askari wa Keya, Wanigeria, watu wa Gold Coast, na wazalendo wa Ethiopia ambao hawakuwa wameacha kupigana tangu mwaka 1936. Mogadishu ilitekwa Februari 1941, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Duke alijichimbia katika mlima wa Amba Alagi pamoja na masalia ya jeshi lake, akasalimu amri mwezi Mei. Waingereza walimpangia gwaride la heshima alipoteremka. Ndipo akaletwa Kenya na kuwekwa Donyo Sabuk. Malaria na kifua kikuu vilimdhoofisha, akafariki katika hospitali ya kijeshi jijini Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 43. Kaburi lake liko Nyeri, ndani ya kanisa la ukumbusho wa Waitalia, pamoja na askari wake zaidi ya 600.

Nimeizuru Nyeri. Mahali pale pametunzwa kwa adabu, nami sina kinyongo na anayewazika wafu wake vizuri. Mwaka huo huo nilipita Thika, nikashika barabara ya Garissa katikati ya mashamba ya mananasi, nikafika Donyo Sabuk. Sikuona bango wala jiwe la kumtaja mateka huyo. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, anashikilia kwamba pawekwe bango ili watalii wasimame pale. Sipingi. Ninachodai ni kwamba likiandikwa, lilitaje pia pango la Zeret, na liwataje askari wa Keya waliomshinda mwenye ndege zile kwa miguu yao.

Babu aliporudi kutoka vitani alirudi na koti, kikombe cha bati na sikio moja lisilosikia vizuri. Alilima kahawa ya wengine hapa Ruiru hadi nguvu zilipomwishia. Kutoka mlangoni pake Kilimambogo kilionekana wazi kila asubuhi njema, naye alikizoea kukitazama akinywa uji. Alifariki pasipo mtu yeyote kumwambia ni nani aliyewahi kuwekwa pale.