John Walker: Mtoto wa mkulima ambaye jina lake liko kwenye kabati la wageni

Fedha za korosho na ufuta zinapoingia katika vijiji vya Chinongwe wilayani Ruangwa, na kwa majirani zao wa Nachingwea, mambo ya kwanza huwa ni madeni ya pembejeo, ada za watoto na bati za nyumba. Hayo yakishatimizwa ndipo hufikiriwa sebule, na katika sebule za baadhi ya watu huwekwa kabati lenye chupa mbili tatu za wageni.

Wiski ya Uskoti, ambayo wengi huiita Scotch, ndiyo hupewa nafasi ya mbele. Mwenye nyumba huichagua kwa bei, kwa rangi ya lebo, au kwa kuwa aliwahi kuiona kwa bosi wake mjini.

Moja ya majina yanayofahamika zaidi katika makabati hayo ni Johnnie Walker. Wengi hudhani ni jina la kubuni tu. Ukweli ni kwamba alikuwapo mtu mwenye jina hilo, naye alikuwa mtoto wa mkulima.

Makala haya yanasimulia maisha yake, kwani anayeyafahamu hatapata shida kuchagua chupa. Aidha, mkulima na mfanyabiashara watakuta humo jambo la kufanyia kazi hata kama hawajawahi kuonja kileo.

John Walker alizaliwa Julai 25, 1805 katika shamba la Todriggs, karibu na mji wa Kilmarnock, kusini magharibi mwa Uskoti. Baba yake, Alexander, alifariki mwaka 1819, kijana akiwa bado hajafikisha miaka 15.

Familia ikakabiliwa na swali ambalo familia nyingi za wakulima zinalijua. Je, shamba liachwe mikononi mwa kijana asiye na uzoefu, au liuzwe? Waliamua kuuza, zikapatikana pauni 417.

Fedha hizo hazikutafunwa. Wasimamizi wa mirathi waliziweka katika duka la vyakula mjini Kilmarnock, na mwaka 1820 kijana akaanza kulisimamia. Kwetu neno grosari limebaki kumaanisha kibaa cha mtaani. Huko kwao lilikuwa duka la vyakula na chai, ambalo pia liliuza mvinyo na pombe kali.

Wakati huo wiski nyingi ya Uskoti ilipikwa kwa kujificha, kama gongo ya mabibo inavyopikwa huku kwetu, kwa sababu kodi ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1823 serikali ilitunga sheria iliyopunguza kodi na kuweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka. Wapikaji wengi wakaona ni nafuu kufanya kazi hadharani kuliko kukimbizana na askari.

Mwenye duka naye akaweza kununua na kuuza kwa uwazi. Kufikia mwaka 1825 Walker, akiwa na miaka 20, alikuwa anauza ramu, brandi, jini na wiski.

Hata hivyo, biashara hiyo ilikuwa na tatizo kubwa. Wiski ya kiwanda kimoja haikufanana na ya kingine, na hata pipa la mwezi huu lilitofautiana na la mwezi uliopita. Mteja aliyefurahi leo aliweza kurudi kesho akilalamika, na aliyelaumiwa ni mwenye duka.

Wauza chai wa enzi hizo walikuwa na mbinu yao. Walichanganya majani ya makasha mbalimbali ili mteja apate ladha ileile kila anaponunua. Walker, ambaye naye aliuza chai, alifanya hivyo kwa wiski. Alichanganya wiski za kimea cha shayiri kutoka viwanda tofauti kulingana na matakwa ya mteja. Baadaye akauza mchanganyiko uliobeba jina lake na la mji wake, Walker's Kilmarnock Whisky.

Hapo ndipo ilipo siri ya mtu huyu. Hakuwa na kiwanda cha kupika wiski. Alichouza ni uhakika kwamba chupa ya pili itakuwa kama ya kwanza.

Mwaka 1833 alimuoa Elizabeth Purves, na mwaka 1837 wakampata mtoto wa kiume waliyemwita Alexander, jina la babu yake. Mwaka 1843 reli kutoka Glasgow ilifika Kilmarnock, na mji ukapata njia ya kufikisha bidhaa zake bandarini. Wazee wa Nachingwea wanajua uzito wa jambo hilo, kwani reli yao kutoka Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa miaka ya 1940, iling'olewa katika miaka ya 1960.

Mwaka 1852 mafuriko yaliikumba Kilmarnock na kuharibu shehena ya duka. Walker, akikaribia miaka 47, ilimbidi ajenge upya biashara ya zaidi ya miaka 30. Alifanya hivyo, na duka lilikuwa limesimama tena alipofariki mwaka 1857.

Alikufa akiwa mwenye duka wa mji mdogo. Hakuwahi kuona chupa iliyoandikwa Johnnie Walker.

Aliyeipeleka kazi hiyo mbele ni mwanawe Alexander. Mwaka 1860 sheria mpya iliruhusu wiski ya kimea ichanganywe na wiski ya nafaka nyingine, iliyo nyepesi na nafuu zaidi. Alexander aliitumia vema nafasi hiyo. Alileta chupa ya pembe nne, ambayo ilipangika vizuri kwenye kasha na kupunguza kuvunjika, pamoja na lebo iliyobandikwa mshazari. Aidha, aliwatumia manahodha wa meli kuiuza ng'ambo.

Wajukuu wakaendeleza. Mwaka 1908 mchoraji Tom Browne alichora mtu anayetembea kwa hatua ndefu, na mwaka 1909 yakatoka majina ya Red Label na Black Label.

Historia hii ina upande wake mchungu. Kampuni ya familia iliungana na kampuni kubwa mwaka 1925, na tangu mwaka 1997 jina hilo ni mali ya Diageo. Mwaka 2012 kiwanda cha Kilmarnock kilifungwa. Jina likaendelea kuuzwa dunia nzima, lakini ajira zikaondoka katika mji ulikozaliwa.

Sasa tuje kwenye kabati lako. Kwa sheria za Uingereza, wiski haiitwi Scotch mpaka iwe imetengenezwa Uskoti, imekaa katika mapipa ya mwaloni kwa angalau miaka 3, na ina kilevi kisichopungua asilimia 40. Mengine yote ni suala la ladha na mfuko wako.

Namba kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Black Label ina miaka 12, wakati Red Label haitaji umri. Wiski haizeeki ndani ya chupa, hivyo chupa iliyokaa kabatini miaka 10 haikuongeza thamani ya kinywaji.

Kwa mwenye kuanza, chupa tatu zinatosha. Ya kwanza iwe ya mchanganyiko na ya bei ya kawaida, kwa wageni wanaotia soda na barafu. Ya pili iwe ya mchanganyiko wa miaka 12. Ya tatu iwe ya kimea kitupu cha kiwanda kimoja, kama Glenfiddich au Glenlivet, kwa mgeni anayekunywa polepole bila kuchanganya.

Wiski nyingi za kisiwa cha Islay zina harufu kali ya moshi. Usizinunue mpaka uwe unamjua mgeni wako. Ukitia soda kwenye chupa ya bei kubwa, fedha nyingi zimepotea bure.

Chupa zisimame wima, mbali na jua. Nunua katika duka lenye leseni, na uhakikishe kuna stempu ya kodi ya TRA. Bei ikiwa chini kupita kiasi, iache chupa hapo hapo, kwani pombe kali ya bandia huweza kupofusha na hata kuua.

Usisahau pia kwamba wageni wengi wa maeneo yetu hawanywi pombe, na pengine ndio uliowatarajia zaidi. Kabati lisilo na soda, juisi au chai ya tangawizi halijakamilika. Naye mgeni aliyekunywa asipewe pikipiki usiku.

Kwa mkulima wa Chinongwe, somo ni pana zaidi. Korosho za wakulima wengi hukusanywa katika ghala moja kupitia chama cha msingi na kuuzwa mnadani kwa madaraja. Gunia moja lenye unyevu au mawe linaharibu jina la wote, kama pipa baya lilivyoweza kuharibu jina la duka la Walker.

Korosho zetu nyingi bado huondoka zikiwa ghafi, na jina linaloandikwa kwenye pakiti huko ziendako si la Ruangwa wala la Nachingwea. Kijana wa Todriggs alianza na pauni 417, lakini kilichobaki baada ya zaidi ya miaka 200 ni jina alilolilinda. Mkulima anayekausha na kuchambua korosho zake vizuri, msimu baada ya msimu, ameanza kulijenga la kwake.